"MWACHENI APUMZIKE" INAVYOWALEMAZA WAGONJWA WA KIHARUSI

Hapa mjini kuna sentensi moja inayosemwa kwa upole na mapenzi tele, tena mara nyingi na watu wazima wenye busara zao, lakini ukiichunguza utakuta imewagharimu wengi. Sentensi yenyewe ni hii: "Mwacheni apumzike."

Mtu kaanguka bafuni. Mdomo umekwenda upande, mkono na mguu wa upande mmoja havina nguvu, maneno hayatoki. Kakimbizwa hospitali, kalazwa, dripu imewekwa, roho imesalimika. Ndugu wanashusha pumzi. Basi kuanzia hapo, msomaji wangu, kila anayeingia wodini kazi yake ni kumwambia mgonjwa asijisumbue. Akitaka kujigeuza, wanamgeuza wao. Akinyoosha mkono mzima ashike kijiko, wanamnyang'anya. Akitaka kukaa, wanamrudisha kwenye mto. Siku ya kumi anaruhusiwa kwenda nyumbani, na hapo ndipo mtu mmoja anakumbuka kuuliza: "Hivi yale mazoezi tunaanza lini?"

Wiki hii naomba tuongee juu ya hiyo "lini". Maana jibu lake ni kwamba yalitakiwa yaanze kitambo, palepale wodini, wakati dripu bado inaning'inia.

Nisieleweke vibaya. Mimi si daktari. Elimu yangu ni ya fomu foo, na baiolojia yangu iliishia kwenye panzi na mende. Lakini nimekuwa nikiingia na kutoka kwenye wodi ya hospitali moja kubwa ya hapa Dar es Salaam, jina nalihifadhi, kumwona mama mmoja wa mtaani kwetu ambaye wanawe nimekua nao tukicheza gololi. Nimeona mambo, nimeuliza watu wanaojua, na nimesoma. Niliyoyapata ndiyo haya.

KICHWANI KUNATOKEA NINI?

Kiharusi ni sehemu ya ubongo kukosa damu. Ama mshipa umeziba, ama umepasuka. Wataalamu walishapiga hesabu kwamba mshipa mkubwa ukiziba, chembe hai za ubongo zinazokufa zinakaribia milioni 1.9 kila dakika. Kila dakika, jamani! Ndiyo maana mgonjwa anatakiwa afikishwe hospitali saa ileile, habari za "tusubiri kukuche" au "tupitie kwanza kwa mtaalamu wa majini" ziachwe.

Na asikudanganye mtu kwamba huu ni ugonjwa wa wazungu au wa wenye vitambi vya Masaki. Uchunguzi uliofanywa kati ya mwaka 2003 na 2006, kwa kufuatilia watu nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika mitaa ya Dar es Salaam, ulikuta kiharusi kipya kwa watu kama 109 katika kila 100,000 kwa mwaka huko Hai, na watu kama 316 hapa Dar es Salaam. Ni mara tatu! Presha ndiyo mchawi mkuu, na wengi tunatembea nayo bila kuijua.

Sasa habari njema. Sehemu ya ubongo iliyokufa haifufuki, lakini majirani zake wanaweza kujifunza kazi yake. Wewe fikiria mvua za masika zikiijaza Jangwani maji na barabara ikafungwa. Watu wa Magomeni hawaachi kwenda Kariakoo, wanatafuta njia za panya. Siku ya kwanza ni foleni na matusi, lakini kadiri magari yanavyopita ndivyo njia inavyozoeleka. Ubongo nao ni hivyo hivyo. Kila mgonjwa anapojaribu kukaa, kusimama, kufumba kidole au kutamka jina la mwanawe, ni gari moja limepita kwenye njia mpya. Njia isiyopita gari inaota majani.

KITANDA NACHO NI UGONJWA

Upande wa pili, kitanda hakikai bure. Mtu aliyelala chali siku nzima misuli yake inayeyuka kama barafu ya Azam juani. Makohozi yanatuama kifuani, nimonia inaingia. Damu inaganda miguuni, na bonge likisafiri mpaka kwenye mapafu linaua. Ngozi ya kiunoni na visiginoni inakandamizwa mpaka inachanika, na hivyo vidonda vya kitandani, ukishaviona kwa macho yako, hutavisahau. Vidole vinajikunja, mguu unanyooka kama wa mcheza densi, viungo vinakakamaa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Walikuwa wanasema juu ya watoto, lakini kiwiko na kifundo cha mguu navyo havitaki kusubiri.

Kuna mji unaitwa Trondheim, huko Norway. Mwaka 1991 madaktari wa pale walitangaza matokeo ya kazi moja safi sana. Walichukua wagonjwa wa kiharusi 220, wakawagawa kwa kura. Nusu, yaani 110, walilazwa kwenye wodi ya kawaida ya hospitali, na 110 wengine kwenye wodi maalumu ya kiharusi ambako daktari, nesi na mtu wa mazoezi walifanya kazi kama timu moja, mgonjwa akiinuliwa mapema na ndugu zake wakishirikishwa. Baada ya wiki 6, katika kila wagonjwa 100 wa wodi maalumu, 56 walikuwa wamesharudi kwao, wakati wa wodi ya kawaida walikuwa 33 tu. Waliokufa walikuwa 7 katika kila 100 upande mmoja, na 17 upande mwingine. Walipokuja kuchambua tena takwimu zao miaka ya baadaye ili wajue siri ilikuwa nini, jambo lililojitokeza zaidi lilikuwa ni kumtoa mgonjwa kitandani mapema.

Hakukuwa na mashine ya mabilioni hapo. Ni mtu kusaidiwa kukaa.

LAKINI USIMKIMBIZE!

Najua kuna msomaji hapo ameshasimama, anataka akifika wodini amnyanyue baba yake amtembeze korido nzima. Ngoja kwanza, ndugu yangu, usije ukaua.

Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya utafiti mwingine mkubwa ulioongozwa na watu wa Australia, wagonjwa 2,104 katika hospitali 56 za nchi 5. Kundi moja lilianza mazoezi mapema sana na kwa wingi, kama mara sita na nusu kwa siku, jumla ya dakika 31. Kundi la pili lilikwenda kwa utaratibu wa kawaida wa hospitali hizo, mara 3 kwa siku, jumla ya dakika 10. Unadhani nani walishinda? Baada ya miezi 3, waliokuwa wakijitegemea katika kundi la kukazana walikuwa 46 katika kila 100, na katika kundi la taratibu walikuwa 50. Haraka haraka ikakosa baraka.

Lakini hapa usome vizuri, maana wapo wanaochukua habari hii na kusema "si mnaona, mazoezi ya mapema ni mabaya." Hao wa taratibu nao hawakuwa wamelala! Nusu yao walishainuliwa kabla ya saa 23 kupita tangu waugue. Na wachambuzi walipoangalia tena, waliona vipindi vifupi vinavyorudiwa mara nyingi vina faida kuliko kipindi kimoja kirefu. Haba na haba hujaza kibaba. Kwa hiyo utaratibu unaokubalika na wengi ni huu: siku ya kwanza mgonjwa anachunguzwa, analazwa vizuri, anageuzwa. Daktari akisharidhika kwamba hali imetulia, ndani ya siku ya kwanza au ya pili anaanza kukalishwa, dakika chache chache, mara kadhaa kwa siku. Akizunguliwa, akibadilika rangi au usemi ukizidi kupotea, analazwa na nesi anaitwa.

Yule mama wa mtaani kwetu alikalishwa siku ya tatu. Alikuja dada mmoja wa fiziotherapia, mdogo wa umbo, nikajiuliza ataweza vipi. Akasalimia, "Shikamoo mama, leo tunakaa." Akamgeuza ubavu, miguu ikashuka chini, akamsukuma taratibu akakaa, nyayo zimekanyaga sakafu, mkono uliolegea umewekwa juu ya mto mapajani. Binti yake mkubwa akaanza kulia, "Dada, unamwonea mama, hebu mwache apumzike." Dada akamjibu bila ukali, "Mdogo wangu, hapo ndipo anapona." Mama akayumba, akashikwa. Halafu akafanya kitu ambacho hakuna aliyemwambia. Akainua mkono mzima, akaivuta vizuri kanga yake kichwani, maana mlikuwa na wanaume mle wodini na yeye alikuwa amekaa mbele za watu. Ilikuwa ni dakika tano tu. Jioni wakarudia.

Chumba kilekile, ng'ambo ya pazia upande wa wanaume, kulikuwa na mzee aliyelazwa siku moja na mama huyo. Yule dada alikuwa peke yake kwa wodi kadhaa, na huyo mzee karatasi yake ya kumwita mtu wa mazoezi haikuwa imeandikwa. Ndugu zake hawakujua kama kuna kitu cha kuuliza. Walikuwa watu wapole, wanakuja na hotpoti, wanamfuta jasho, wanaomba dua, wanaondoka. Siku ya tisa, nesi alipomgeuza, kiuno kilikuwa kimeshachubuka. Sisemi mama alikuwa na bahati kwa sababu ya dakika tano zile tu, maana viharusi havifanani. Ninachosema ni kwamba mmoja alipewa nafasi ya kujaribu na mwingine hakupewa.

MGONJWA HAULIZWI UJI? WA KIHARUSI AULIZWE!

Tuna methali kwamba mgonjwa haulizwi uji. Kwa mgonjwa wa kiharusi, methali hii iwekeni kando. Kiharusi mara nyingi kinaharibu kumeza. Uji unaoonekana umeshuka tumboni unaweza kuwa umeingia mapafuni kimyakimya, na nimonia inayofuata inamaliza mtu ambaye kiharusi kilishindwa kummaliza.

Kwa hiyo kabla ya nesi au daktari kumpima kumeza, asipewe chochote mdomoni. Si uji, si maji, si kidonge. Akishapimwa na kuruhusiwa, akae wima kabisa, apewe kidogo kidogo, asubiriwe ameze. Akikohoa au sauti yake ikawa na majimaji kama mtu anayesukutua, acha mara moja uite nesi. Na akimaliza kula abaki amekaa kama nusu saa. Asiyeweza kumeza kabisa atawekewa mpira wa puani, na hilo si la kuogopa wala kulichomoa kisirisiri eti "unamtesa".

MKONO SI KAMBA YA KUVUTIA

Jambo jingine ninaloliona kila siku: ndugu wanamsogeza mgonjwa juu kitandani kwa kuvuta ule mkono uliopooza. Loh! Bega la mkono uliolegea linaning'inia kwa misuli isiyofanya kazi. Ukilivuta linateguka, na maumivu yake yatamfanya akatae mazoezi miezi mizima. Msogeze kwa shuka lililo chini yake, watu wawili, au mshike mgongoni na kiunoni. Akiwa amelala, mkono uwekwe juu ya mto. Ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana.

Halafu muacheni afanye anachoweza. Kuna mwanasayansi wa Marekani, Edward Taub, aliyeonyesha kwamba kiungo kisichotumika baada ya kuumia kinaweza kusahauliwa na ubongo hata pale kinapokuwa bado na uwezo kidogo. Yaani mkono unaweza, lakini mwenyewe ameshazoea kwamba hauwezi. Sasa sisi kwa mapenzi yetu tunamlisha, tunamvisha, tunamkuna hata mgongo, na kila siku tunamfundisha kwamba ule mkono haupo. Akianza kufumba kidole kimoja, mpe kitambaa ashike. Akiweza kujifuta uso, ajifute hata kama atachukua robo saa.

Kama upande uliopooza ni wa kulia, mara nyingi na usemi huondoka, kwa sababu kwa watu wengi lugha inakaa ubongo wa kushoto. Hapo utawasikia wageni wanampigia kelele mgonjwa kana kwamba ni kiziwi, au wanamjadili mbele yake, "Huyu hasikii kitu, mali zake nani anazijua?" Anasikia! Mwulize maswali ya ndiyo na hapana, msubiri ajibu kwa kichwa au kwa kukuminya mkono. Mwimbie nyimbo anazozijua, wapo wanaoshindwa kusema neno lakini wimbo unatoka. Akilia bila sababu msimcheke wala kumkemea, maana kulia huko nako kunaweza kuwa ni ubongo. Na akiwa mnyonge wiki hadi wiki, hataki kula wala kuona watu, mwambieni daktari, kwa kuwa karibu theluthi moja ya walionusurika kiharusi hupatwa na sonona.

NANI ATALIPA?

Hapa ndipo ninapotaka vijana wenzangu mnisikilize, maana mnaweza kudhani haya ni mambo ya wazee. Baba akirudi nyumbani hawezi kukaa wala kwenda chooni, atakayeacha kazi si shangazi wa Tanga aliyekuja wiki moja. Ni wewe. Na mara nyingi ni dada yako, yule ambaye hajaolewa, ambaye familia itakaa kikao bila yeye na kuamua kwamba "yeye hana majukumu". Nawajua mabinti wa rika langu ambao saluni zao zimefungwa na vyuo vimekatishwa kwa sababu hiyo. Tofauti kati ya mzazi anayeweza kusimama ahamie kwenye kiti na asiyeweza ni tofauti kati ya binti anayetoka asubuhi kwenda kazini na asiyetoka.

Wengine watasema, basi ndugu wafundishwe wafanye wenyewe, wataalamu wenyewe wako wapi? Ni kweli watu wa fiziotherapia ni wachache. Lakini tusiwaachie ndugu peke yao. India walilijaribu hilo kwa wagonjwa 1,250 katika hospitali 14. Nusu yao, ndugu walifundishwa kuongoza mazoezi tangu hospitalini mpaka nyumbani. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2017 yalikuwa sare: baada ya miezi 6, kila upande 47 katika kila 100 walikuwa wamekufa au wanategemea wengine. Ndugu ni msaidizi mzuri, kwa kugeuza, kukalisha, kutia moyo, lakini hawezi kuwa badala ya mtaalamu. Anayeajiri watumishi wa hospitali alisikie hilo.

Kwa hiyo ukiwa na mgonjwa, usisubiri siku ya kuruhusiwa. Siku ya kwanza au ya pili, mfuate daktari au nesi wa zamu kwa heshima zote, uulize haya:

1. Je, amepimwa kumeza?
2. Je, hali yake inaruhusu kukalishwa, na kama bado, kwa nini na lini?
3. Je, mtu wa fiziotherapia ameshaandikiwa karatasi ya kumwona?
4. Je, anaweza kutuonyesha jinsi ya kumgeuza na kumhamisha bila kumuumiza?
5. Akitoka hapa, mazoezi ataendelea wapi, na presha itapimwa wapi?

Hakuna daktari mwenye akili timamu atakayekasirika kuulizwa hivyo. Na akikujibu "bado, presha haijatulia," mwelewe, kesho uliza tena. Kuuliza hakulipiwi hata senti tano.

Kupumzika mgonjwa atapumzika, tena sana, maana kiharusi kinachosha kupita kiasi na usingizi ni dawa. Apumzike kama mtu aliyetoka shamba: amelima kidogo, kalala, kaamka, kalima tena kidogo. Anayelala bila kulima, msimu ukiisha hana cha kuvuna, na njaa yake mtaila nyumba nzima.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye vurugu zetu za kamati za harusi na michango isiyoisha. Kwa leo nakuomba kitu kimoja tu: kata ukurasa huu, uweke kwenye mkoba wa yule ndugu yenu ambaye kila akiuguliwa mtu ndiye anayelala hospitali.